Bajeti ya jiji: Mkazi aulizwe lini, na aamue nini?

Kila mwaka kunapokaribia kuwasilishwa kwa makadirio ya matumizi ya kaunti, tangazo hutokea gazetini likiwaalika wakazi wafike katika ukumbi wa kijamii au uwanja wa shule watoe maoni yao. Wanaofika hukuta hema, viti vya plastiki, maafisa wa idara ya fedha na kitabu kinene cha tarakimu ambacho wengi hawajawahi kukitia machoni. Huulizwa wana maoni gani. Wa kwanza husema barabara ya kwao imeharibika, wa pili hutaja taa za usiku, wa tatu hulalamikia basari ya mwanawe. Karani huandika. Kabla ya alasiri kikao hufungwa, na wengi wao hawasikii tena habari ya yale waliyoyasema.

Kwenye faili, umma umehusishwa. Orodha ya majina na sahihi ipo. Lakini mkazi huyo hakupanga bajeti. Ameonyeshwa bajeti iliyokwisha kupangwa, akaombwa aitolee maoni. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na kuna jiji moja ughaibuni lililoidhihirisha kwa vitendo kwa zaidi ya robo karne, likafaulu, kisha likarudi nyuma.

Jiji hilo ni Porto Alegre, kusini mwa Brazil, lenye wakazi wapatao milioni 1.3. Brazil ilikuwa imetoka katika utawala wa kijeshi uliodumu kati ya 1964 na 1985, na Katiba ya 1988 ilikuwa imeyapa mabaraza ya miji mapato zaidi na uhuru wa kuyatumia. Katika uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka huo, Chama cha Wafanyakazi kilitwaa wadhifa wa meya kupitia kwa Olívio Dutra, aliyekuwa kiongozi wa chama cha kutetea wafanyakazi wa benki. Aliingia ofisini Januari 1989 na kukuta hazina ambayo karibu mapato yake yote yalikuwa yakimezwa na mishahara.

Wazo la kuwashirikisha wananchi halikuzuka kichwani mwa meya peke yake. Vyama vya wakazi wa mitaa, vilivyokuwa vimekomaa katika vita vya kudai maji, shule na mabasi wakati wa utawala wa kijeshi, vilikuwa vimedai nafasi katika bajeti tangu katikati ya miaka ya themanini. Hata mipaka ya maeneo ya mikutano ilikuwa ya kuvutana. Serikali ya jiji ilianza kwa kuligawa jiji katika maeneo matano makubwa. Wakazi wakakataa, wakisema mtu wa bonde moja hawezi kukutana na mtu wa kilima cha mbali wakaelewana kuhusu mtaro. Hatimaye yakakubaliwa maeneo 16, kwa kufuata jinsi watu wenyewe walivyozoea kujumuika.

Mwaka wa kwanza nusura uuzike mpango mzima. Watu walijitokeza, wakaorodhesha mahitaji yao yote, na serikali ikaipokea orodha hiyo bila kuwaeleza kwamba kisanduku kilikuwa kitupu. Miradi haikuonekana. Mwaka uliofuata mahudhurio yakapungua, na walioendelea kufika walifika kwa hasira. Hapo ndipo wakuu wa jiji walipojifunza jambo ambalo wengi wanaoiga mfumo huu hulisahau: kabla ya kumwuliza mkazi anataka nini, sharti kwanza zipatikane fedha, na mkazi aambiwe kiasi chake bila kufichwa.

Hivyo baraza lilibadilisha kodi ya majengo na viwanja ili wenye mali nyingi walipe zaidi, likarekebisha ada zilizokuwa zikiliwa na mfumko wa bei, na likaihamisha kazi ya kuandaa bajeti kutoka idara moja ya kiufundi hadi ofisi iliyo karibu na meya. Mapato yalipopanda, lami ilianza kuonekana mitaani. Watu wakarudi. Idadi ya washiriki, ambayo mwaka 1990 haikufika 1,000, ilikuwa imekaribia 40,000 kufikia mwisho wa muongo huo. Hawakurudishwa na mahubiri kuhusu demokrasia; walirudi kwa sababu mtaa wa jirani ulihudhuria ukapata bomba la majitaka.

Utaratibu wenyewe, ambao kwa Kiswahili umekuja kuitwa bajeti shirikishi, ulikuwa na kalenda inayojulikana na kila mtu. Msimu ulifunguliwa mwezi wa Machi kwa mikutano ya hadhara katika kila eneo. Jambo la kwanza katika mikutano hiyo halikuwa mwaka ujao, bali mwaka uliopita. Meya au maafisa wake walisimama mbele ya wakazi wakaeleza ni mradi upi uliokamilika, upi uliokwama, na kwa nini. Papo hapo wajumbe walichaguliwa kwa kadiri ya idadi ya watu waliohudhuria, hivi kwamba mtaa ulioleta watu wengi ulipata wajumbe wengi. Baadaye wajumbe na majirani zao walikutana wao kwa wao, bila maafisa kuwaongoza, wakapanga mahitaji yao kwa kufuata uzito: je, maji yatangulie, au lami, au hati za kumiliki ardhi?

Kila eneo lilichagua pia wawakilishi wawili waliokwenda kuketi katika Baraza la Bajeti Shirikishi. Waliungana na wawili wawili kutoka mikutano mitano ya kimaswala iliyoanzishwa mwaka 1994 kushughulikia mambo ya jiji zima kama vile usafiri, afya na elimu. Maafisa wa serikali walikuwamo, lakini hawakuwa na kura. Mwakilishi alihudumu mwaka mmoja, aliweza kuchaguliwa tena mara moja tu, na wajumbe waliomtuma waliweza kumwondoa. Baraza hilo lilikutana kila wiki tangu katikati ya mwaka, likapitia makadirio fungu kwa fungu, na kufikia mwishoni mwa Septemba bajeti ilipelekwa kwa madiwani. Madiwani walibaki na mamlaka yao ya kisheria ya kuipitisha au kuirekebisha. Lakini kubadilisha kitu ambacho maelfu ya wapigakura walikijadili kwa miezi sita lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili.

Sehemu iliyo muhimu kuliko zote haizungumziwi sana, kwa kuwa ni ya hesabu. Fedha haziwezi kugawanywa kwa kelele, na wala kuzigawa sawasawa si haki, maana kuna mtaa uliokwisha kutiwa lami na kuna ambao haujapata hata changarawe. Porto Alegre ilitumia alama. Kila eneo lilipewa alama kwa mambo matatu: kiwango cha upungufu wa huduma husika, idadi ya watu, na nafasi ambayo wakazi wenyewe waliipa huduma hiyo katika orodha yao. Kila jambo lilikuwa na uzito wake, na uzito huo ulijadiliwa upya katika Baraza. Upungufu ulipewa uzito mkubwa kuliko wingi wa watu.

Chukua mfano wa kubuni wa maeneo mawili yanayogombea kilomita 16 za lami. Tuseme upungufu una uzito wa 4, idadi ya watu 2, na chaguo la wakazi 4, na alama za kila jambo ni kuanzia 1 hadi 4. Eneo la kwanza lina watu wachache kiasi lakini barabara zake karibu zote ni vumbi: linapata 4 kwa upungufu, 2 kwa watu, na 4 kwa kuwa lami ndiyo waliyoitanguliza. Ukizidisha kwa uzito, jumla ni 36. Eneo la pili lina watu wengi, ila barabara zake nyingi ziko sawa: linapata 1, 4 na 4, jumla 28. Lami inagawanywa kwa uwiano huo, na eneo la kwanza linapata kilomita 9, la pili kilomita 7. Hakuna aliyependelewa, na yeyote mwenye kalamu anaweza kuihakiki hesabu hiyo nyumbani kwake. Mwanasiasa anayetaka kuipeleka lami kwa wafuasi wake hana budi kwanza kuibadilisha kanuni mbele ya watu.

Matokeo yalionekana. Kwa mujibu wa takwimu zilizonukuliwa na Benki ya Dunia, kaya zilizounganishwa na maji na mabomba ya majitaka ziliongezeka kutoka asilimia 75 mwaka 1988 hadi asilimia 98 mwaka 1997. Mwaka 1996, kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu makao lililoandaliwa jijini Istanbul liliutaja mfumo huo miongoni mwa mifano bora ya uendeshaji wa miji. Watafiti Michael Touchton na Brian Wampler, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu miji mingi ya Brazil, walibaini kwamba miji iliyotumia bajeti shirikishi ilitenga fedha zaidi kwa afya na usafi, na vifo vya watoto wachanga vilipungua kuliko katika miji isiyoitumia, hasa pale utaratibu ulipodumu kwa muda mrefu.

Nani hasa waliohudhuria? Wenye shaka walitabiri kwamba mikutano ingetekwa na wasomi na wenye nafasi. Uchunguzi uliofanywa jijini humo katika miaka ya tisini ulionyesha kinyume: maskini walijitokeza kwa wingi kuliko sehemu yao katika idadi ya wakazi, nao wanawake walijaza takriban nusu ya viti vya mikutano au zaidi. Hata hivyo, kadiri ngazi zilivyopanda ndivyo wanawake na wasio na elimu walivyopungua. Kuketi katika Baraza kila wiki hadi usiku kulihitaji muda, nauli na mtu wa kubaki na watoto. Kasoro hiyo haikuwahi kuondolewa kabisa.

Mfumo huo haukuwekwa katika sheria. Waasisi wake walihofia kwamba ukiandikwa ungeganda na kuporwa na madiwani. Uamuzi huo uliwapa wakazi nafasi ya kuzirekebisha kanuni kila mwaka, lakini pia ulimaanisha kwamba uhai wa mfumo ulitegemea hiari ya meya. Chama cha Wafanyakazi kilishindwa katika uchaguzi wa 2004. Waliokifuata hawakuufuta mfumo. Waliuacha uendelee huku fedha zake zikipungua na miradi iliyoahidiwa ikirundikana bila kutekelezwa. Mikutano ilibaki, uamuzi ukahamia kwingine. Mwaka 2017 serikali ya jiji iliisitisha mikutano yenyewe kwa hoja kwamba haikuwa na fedha za kutimiza hata ahadi za zamani. Wengi hawakushtuka.

Miji mingine iliiga, kila mmoja kwa namna yake. Chicago ilianza mwaka 2009 katika wadi moja tu, ya 49, ambapo diwani Joe Moore aliwaachia wakazi zaidi ya dola milioni moja alizokuwa akigawiwa kila mwaka kwa ujenzi. Paris ilianza mwaka 2014, ikatenga takriban asilimia 5 ya bajeti yake ya uwekezaji, na ikamruhusu kila mkazi apige kura bila kujali umri wala uraia. Ikilinganishwa na Porto Alegre, miji hii inapigia kura miradi midogo midogo, kama vile bustani, njia za baiskeli na viwanja vya watoto. Si vibaya, ila swali la nani apate maji kwanza halimo ndani yake.

Nchini Kenya, safari hii haikuanza na Katiba ya 2010, kama inavyosemwa mara nyingi. Sheria ya mwaka 1998 ilianzisha hazina ya kuyagawia mabaraza ya miji na wilaya asilimia 5 ya kodi ya mapato, na kuanzia mwaka 2001 mabaraza yote 175 yalitakiwa kuandaa, pamoja na wakazi, mpango wa utoaji wa huduma unaojulikana kwa kifupi kama LASDAP. Baraza ambalo halikuwasilisha mpango lilihatarisha sehemu ya mgao wake. Wazo lilikuwa zuri, na wapo wakazi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu wanaokumbuka vikao hivyo. Lakini tarehe ilitangazwa kwa kuchelewa, diwani akaja na watu wake, na orodha iliyopitishwa ikawa haifanani na kilichojengwa. Mabaraza yenyewe yalivunjwa mwaka 2013, kaunti zilipoanza kazi.

Katiba ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 10 kinaufanya ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yawashirikishe, na cha 201 kinautaja waziwazi katika masuala ya fedha za umma. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi linaloongozwa na gavana, ambamo wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na mashirika ya kidini huketi kwa idadi sawa na maafisa wa serikali ya kaunti. Ukiisoma orodha hiyo kwa makini utaona kwamba haina mtaa. Inawakilisha makundi ya jamii. Haimtaji mtu wa Kayole au wa Kawangware kwa kuwa anatoka Kayole au Kawangware. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ndiyo inayowapa wakazi nafasi ya kukutana na kupendekeza yatakayoingia katika makadirio, lakini neno lake ni kupendekeza.

Mahakama zimejaribu kulipa neno hilo meno. Mnamo Aprili 2014, Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza kwamba tangazo la juujuu halitoshi, na kwamba wahusika wanafaa kuwafikia wananchi makanisani, misikitini, katika mabaraza na kupitia redio za lugha za mama. Kaunti nyingi ziliposikia hivyo ziliongeza idadi ya vikao. Kuongeza uzito wa maoni ni jambo jingine. Katika kesi kuhusu Sheria ya Fedha ya kitaifa ya 2023, Mahakama ya Rufaa iliamua Julai 2024 kwamba sheria hiyo ni batili, ikitaja miongoni mwa sababu zake Bunge kukosa kuueleza umma kwa nini maoni fulani yalikubaliwa au kukataliwa. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo, ikisema sheria haijaliwekea Bunge wajibu bayana wa kutoa sababu, ijapokuwa kufanya hivyo kungefaa.

Kwa mkazi wa mtaa, maana yake ni kwamba ana haki ya kusikilizwa. Haki ya kujibiwa bado inategemea hiari ya anayemsikiliza.

Kaunti ya Makueni imeonyesha kwamba hata chini ya sheria hizi hizi inawezekana kufanya zaidi. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, aliyehudumu kati ya 2013 na 2022, mikutano ilianzia kijijini, ikapanda hadi makundi ya vijiji, kisha wadi zote 30, na hatimaye kaunti nzima, kila ngazi ikichuja mapendekezo na kuchagua kamati ya kuyapeleka mbele. Mradi ulipoanza, kamati ya wakazi iliusimamia, na mwanakandarasi alihitaji sahihi yao ili alipwe. Sharti hilo la mwisho huenda ndilo lenye nguvu kuliko mikutano yote iliyolitangulia, kwa kuwa linamweka mkazi mahali fedha zinapotokea.

Lakini Makueni ni kaunti ya mashamba na masoko madogo, ambako watu wanajuana na kijiji kina mipaka. Nairobi ilikuwa na watu milioni 4.4 katika sensa ya 2019, waliogawanywa katika wadi 85. Wadi moja ina wakazi zaidi ya 50,000 kwa wastani, wakiwemo wenye majumba ya kifahari na wanaoishi mabandani ng'ambo ya ukuta huo huo. Kuwaita wote katika ukumbi mmoja saa nne asubuhi ya siku ya kazi ni kuwaita wasio na kazi na waliotumwa. Isitoshe, wengi katika mitaa ya mabanda ni wapangaji. Mpangaji ana sababu ya kuiogopa barabara nzuri, kwa maana barabara ikitiwa lami kodi ya nyumba hupanda. Mwenye nyumba naye aghalabu haishi hapo. Kumwuliza mmoja wao pekee ni kupata jibu nusu.

Kwamba ugumu huo unaweza kushindwa kulionekana Mukuru, katika eneo la viwanda mashariki mwa jiji. Mnamo Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango. Ni eneo lenye kaya zaidi ya 100,000. Muungano wa Wanavijiji, pamoja na vyuo vikuu na mashirika mengine, uliwakusanya wakazi nyumba kumi kumi, wawakilishi wa nyumba hizo wakaungana katika makundi makubwa zaidi, na wapangaji wakapata nafasi sawa na wengine. Walijadili maji, vyoo, afya, barabara na ardhi kwa karibu miaka mitatu. Baadhi ya yale waliyoyapanga yalitekelezwa kuanzia mwaka 2020, wakati usimamizi wa huduma kuu za jiji ulipokuwa chini ya Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS: barabara zilijengwa, na vituo vya afya vikafunguliwa.

Na bado, mwishoni mwa mwaka 2021, tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kupisha ujenzi wa barabara, na maelfu ya familia zikalala nje. Mpango wa wakazi ulikuwepo. Uamuzi wa barabara ile haukupitia humo.

Kuna pia mambo ambayo mikutano ya mitaa haiwezi kuachiwa peke yake. Mnamo Mei 2024 Porto Alegre ilifunikwa na mafuriko makubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa huko, na mashine nyingi za kusukuma maji zilizimika. Wiki chache tu kabla ya hapo, mito ya Nairobi ilikuwa imefurika na kusomba nyumba katika bonde la Mathare. Haitakuwa haki kuibebesha bajeti shirikishi lawama ya mafuriko ya Brazil. Ila ni kweli kwamba hakuna mtaa unaopiga kura mashine ya kusukuma maji ipakwe grisi, na mtaro wa chini hauwezi kuokolewa na wadi moja ikiwa takataka zinatoka wadi tano za juu. Ndiyo sababu ile mikutano ya kimaswala ya 1994 ilianzishwa, na yeyote anayepanga mfumo kama huu kwa Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru au Eldoret atahitaji kitu cha namna hiyo tangu siku ya kwanza.

Linabaki suala la fedha zenyewe. Kanuni za fedha za 2015 zinazitaka kaunti zisitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato kwa mishahara, na angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mara kwa mara kwamba kaunti nyingi, Nairobi ikiwa miongoni mwazo, hutenga fedha za maendeleo karatasini na kutumia sehemu ndogo tu, huku madeni ya wanakandarasi jijini yakifika makumi ya mabilioni ya shilingi. Katika hali hiyo, kuitisha vikao 85 ni kurudia kosa la Porto Alegre la mwaka 1989. Heri kaunti iwaambie wakazi ina shilingi milioni kumi za kweli kwa wadi yao, wazigawe kwa kanuni waliyoikubali, kuliko kuwaalika waorodheshe ndoto za bilioni moja.

Wakati pia ni sehemu ya jibu, na hapa sheria inamsaidia anayeijua. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio hufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, wakati ambapo mgao mkubwa umeshaamuliwa. Viwango vya kila idara huwekwa katika waraka wa mkakati wa fedha unaowasilishwa kufikia Februari 28. Miradi yenyewe huanza kuorodheshwa mapema zaidi, katika mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao sharti ufike bungeni kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla ya mwaka unaohusika kuanza. Chama cha wakazi kinachotaka mtaro uchimbwe hakina budi kubisha hodi Julai au Agosti, kikiwa na makadirio ya gharama na majina ya wanaouhitaji. Kinachongoja tangazo la Mei kitakuta viti vya plastiki vimekwisha kupangwa na kitabu kimekwisha kuchapishwa.

Kuna hati moja zaidi ambayo ni wachache huiulizia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamtaka gavana awasilishe katika bunge la kaunti, kila mwaka, ripoti kuhusu ushiriki wa wananchi katika shughuli za kaunti. Ni hati ya umma. Mkazi ana haki ya kuiomba, na kuangalia kama maoni aliyoyatoa mwaka uliopita yamo ndani yake.